Sentahafu wa Mfungo Mosi

Wachezaji wengi wa siku zile walicheza miguu mitupu. Kabla ya mchezo walivua viatu vyao wakavipanga kando ya mstari, jozi baada ya jozi, kama mlangoni mwa msikiti. Watu wengine wakifika uwanjani walitafuta kivuli. Fundi aliyenifundisha kutazama mpira alianza na vile viatu. Alipita polepole mikono nyuma, akainama hapa na pale bila kugusa kitu, na alipofika mwisho wa safu alikuwa amekwisha kujua ni nani anayekanyagia upande wa nje, nani anayeburura kisigino, na nani ana mguu wa kushoto wenye nguvu kuliko wa kulia ilhali mwenyewe hajui.

Kazi yake ilikuwa kushona makubadhi. Kiduka chake kilikuwa mtaa wa Kuze, upana wake ni upana wa mlango, na mchana kutwa alikuwa ameinamia ngozi na msharasi wake, ile sindano nene ya kushonea viatu, mkononi. Alasiri alifunga duka akawa macho ya klabu yetu. Sijapata kumwona mtu aliyeifanya kazi isiyo na malipo kwa uangalifu kama ule.

Inafaa nieleze kwa nini klabu ilimhitaji. Zamani klabu nne za mjini zilinyang'anyana vijana waliokuwa wakimaliza masomo, hata ikafika ndugu wa mtaa mmoja hawasalimiani, na posa moja ikavunjika kwa sababu ya golikipa. Vita Vikuu vilipokwisha wazee wakakaa wakapatana. Kila mwaka, Ijumaa moja baada ya sala, wajumbe wa klabu zote nne wangekutana barazani na kuchagua kwa zamu. Iliyoshika mkia msimu uliopita itangulie, bingwa awe wa mwisho. Kila klabu ichukue vijana wawili, na aliyekwisha kuchukuliwa asiguswe na mwingine.

Kuchaguliwa kulikuwa na maana kubwa kuliko kuvaa fulana ya klabu. Hakuna aliyelipwa kwa kucheza, lakini kila klabu ilikuwa na wafadhili wenye maghala na maduka, na kijana aliyechaguliwa alipata kazi kwao. Mwenye jamaa mjini angeweza kungoja mwaka mwingine. Asiye na jamaa, ile Ijumaa moja ndiyo iliyoamua kama atabaki kisiwani au atarudi alikotoka.

Mimi nilikuwa karani wa forodha, na miongoni mwa vijana wa mtaa wetu nilikuwa mmoja wa wachache waliofika sekondari. Wazee walitaka habari za wachezaji ziandikwe, basi wakaniweka niwe mkono wa fundi. Yeye alitazama, mimi niliandika. Daftari langu lilisifiwa sana, na maandishi yangu yalikuwa mazuri kuliko macho yangu, ila hilo nililijua baadaye.

Siku za mwanzo nilikuwa nikivutiwa na kila mwenye chenga. Mara moja nilimsifia winga mmoja mpaka nikasimama.

"Kaa kitako," fundi akaniambia. "Huyo achezea makofi. Makofi yakikatika, naye akatika."

"Lakini Ami," nikasema, kwani ndivyo nilivyomwita kwa heshima, "amefunga mawili."

"Na mimi leo nimeshona jozi mbili. Moja itarudi."

Alikuwa na kanuni yake kwamba mchezaji hutazamwa mara tatu: mara moja akishinda, mara moja akishindwa, na mara moja pasipo mtu wa kumshangilia. Zaidi ya hapo alikwenda mpaka anakokaa kijana, akanunua kitu dukani karibu na hapo, akasikiliza watu wanamtajaje. Aliwahi kuvuka kivuko cha Likoni ili amwone beki mmoja akilima shamba la babake. Aliporudi akaniambia niandike: "Akianza mstari hauachi katikati." Beki yule alitutumikia miaka minane.

Mwaka ninaousimulia, fundi alishikwa na mtoto wa jicho. Kwanza jicho moja, kisha la pili likaanza ukungu. Kushona alishona bado, kwa kupapasa, lakini mpira aliouona ulikuwa kivuli kinachokwenda. Klabu yetu msimu ule ilikuwa imeshika mkia, kwa hiyo ndio tuliokuwa na zamu ya kwanza. Akaniita dukani.

"Nenda wewe," akasema. "Macho unayo. Uje unisomee."

Orodha yetu ilikuwa na vijana saba. Sita niliwatazama kama nilivyofundishwa. Wa saba alikuwa sentahafu wa chuo kimoja cha ufundi kilichokuwa njia ya Kizingo. Alikuwa kijana wa upande wa Kwale, hana mtu kisiwani ila ami yake, fundi wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za mashua, pale Liwatoni, aliyemlaza katika chumba kimoja na zana zake. Babake alikuwa amepooza. Chuo kilikuwa kikimalizika mwezi ule, na kila mtu alijua kuwa asipopata kazi kwa njia ya mpira, atavuka kurudi kukwea minazi.

Ulikuwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Idd imepita, na mji mzima ulikuwa katika harusi. Mimi nilialikwa harusi tatu na sikuikosa hata moja. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kumtazama yule kijana mara moja tu, na sina nyingine ya kuitaja.

Siku hiyo moja wanachuo walicheza na makarani wa maghala, watu wazima wenye vifua, na sentafowadi wao alikuwa jitu. Saa kumi jua lilikuwa bado kali. Nilifika nimechelewa, viatu nikavipita bila kuvitazama, nikatafuta kivuli.

Nusu ile ya kwanza, mimi sijaona tena mfano wake. Sentahafu alikuwa mfupi kwa mahali pale, na kila mtu alitaraji lile jitu limmeze. Yeye hakuruka nalo hata mara moja. Alisimama nusu hatua nyuma yake, akaliachia lipige kichwa litakavyo, na mpira ukaanguka palepale alipokuwa amekwisha kumwashiria mwenzake asimame. Mara ya kwanza watu walidhani ni bahati. Mara ya tano jitu lilianza kugeuka nyuma kabla ya kuruka, na likigeuka, mpira unalipita. Hakupiga kelele. Alionyesha kwa kidole, kidole kimoja, chini karibu na paja, na wenzake wakaenda kama waliovutwa kwa uzi. Kisha akatoa pasi moja kwa mguu wa kushoto, kutoka katikati hadi pembeni kabisa, bila kuinua uso kutazama anakoupeleka. Ulimfikia winga wake kifuani. Jirani yangu muuza kahawa, aliyekuwa akigonganisha vikombe tangu mwanzo, akaviweka chini akasahau kuuza.

Wakati wa mapumziko lilipita sinia la machungwa yaliyokatwa. Kila mchezaji alichukua kipande. Yeye alitia mkono kifuani, akatikisa kichwa, akaenda kukaa peke yake karibu na mlingoti wa goli. Akajimwagia maji usoni na shingoni, hakutia kinywani. Mwenzake mmoja akamtania kwa sauti ili tusikie.

"Mwacheni. Mkwezi hali tunda ambalo hakulipandia mwenyewe."

"Nawe hula lililookotwa," akamjibu, na wote wakacheka.

Mimi nikajisemea: huyu ana kiburi.

Nusu ya pili alikuwa mtu mwingine. Kidole kilionyesha vilevile na wenzake walikwenda vilevile, ila miguu yake mwenyewe ilichelewa. Nilimwona ameinama, mikono magotini, mdomo umekauka mweupe. Jitu likampita mara mbili, na mara zote mbili likafunga. Wanachuo wakashindwa matatu kwa mawili. Mchezo ulipokwisha, jitu lile lilimwendea likamshika mkono na kuutikisa muda mrefu. Nililiona hilo pia, nisiliandike.

Nikarudi nyumbani magharibi. Mamangu alikuwa akifuturu. Alikuwa akifunga zile siku sita za sunna za Mfungo Mosi, kama alivyofunga kila mwaka wa maisha yake. Nikakaa naye mkekani, nikala kaimati zake mbili tatu, tukazungumza habari za harusi ya kesho. Mtoto wa Kuze, niliyesomeshwa dini kabla ya kusomeshwa hesabu, nilikuwa nimetoka kumtazama Mwislamu akikataa chungwa na maji katika mwezi ule. Mbele yangu palikuwa na tende na maji ya mamangu. Sikuunganisha.

Usiku nikaandika maneno manne: "Hana pumzi. Ana kiburi."

Siku ya pili nilikwenda kumsomea fundi. Alinisikiliza huku akipitisha uzi, uso ameuinua kama wafanyavyo wasioona vizuri. Nilipofika kwa huyu wa mwisho, mkono wake ukasimama.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo, Ami."

"Umemuona mara ngapi?"

"Tatu."

Uongo ule ulitoka kwa wepesi. Nadhani ni kwa kuwa kwa wale sita waliotangulia ilikuwa kweli.

"Na viatu vyake?"

"Vya kawaida."

"Hapana viatu vya kawaida, mwanangu," akasema. Kisha akavuta uzi. "Haya. Wewe ndiwe uliyeona."

Alhamisi, mkesha wa siku ya kuchagua, kazi ya forodha ilinipeleka Liwatoni. Mzee mmoja aliyekuwa akishindilia pamba baina ya mbao za mashua iliyopinduliwa akaniita.

"Bwana, si wewe wa lile daftari?"

Nikasema ndimi. Alikuwa ami wa yule kijana wa Kwale.

"Umemuonaje mtu wangu?"

"Mchezaji," nikasema. "Ila pumzi, mzee wangu."

Akacheka, akaweka nyundo chini. "Pumzi? Siku ile ya makarani? Alikuwa amefunga. Ndiyo siku yake ya sita. Mimi nilimwambia, fungua, sunna haina lazima, kesho nayo ni siku. Akanambia amekwisha kuinuia, haivunji kwa ajili ya mpira." Akatazama huku na huku. "Wala usimwambie kuwa nimekwambia. Hataki watu wajue. Atanikasirikia mwezi."

Nilisimama pale na karatasi zangu za forodha mkononi. Kila kitu kikajipanga mara moja: chungwa, maji usoni, mdomo mweupe. Dakika arobaini na tano zile za ajabu alikuwa amezicheza na njaa ya mchana kutwa tumboni.

Kulisahihisha kosa kulikuwa rahisi. Ningemwendea fundi nikasema, Ami, yafute niliyoandika, nilimwona mara moja tu, tena vibaya. Hayo tu. Nilitembea kutoka Liwatoni hadi Kuze nikiyapanga maneno hayo, nikafika mpaka mbele ya duka lake. Alikuwa peke yake, anapapasa kingo za ngozi kwa kidole gumba.

"Nani huyo?" akauliza. Kisha akatabasamu, kwani alinijua kwa hatua zangu. "Salaam aleikum, bwana mkubwa wa daftari."

Nikamwitikia salamu yake. Nikapita.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, wajumbe wakakaa barazani, kahawa ikapita, na zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Mwenyekiti wetu akafungua daftari langu. Tukachukua winga mmoja wa jamaa ya mjini, kijana mzuri, na zamu yetu ya pili ilipofika tukachukua golikipa. Kati ya zamu hizo, mjumbe wa klabu nyingine, aliyekuwa amekusudia kumtaja sentahafu, alisita.

"Nyinyi mlitangulia," akatuuliza. "Mbona mmemuacha yule wa Kwale?"

"Fundi amemtazama," mwenyekiti wetu akajibu. "Hana pumzi. Tena ana kiburi."

"Fundi mwenyewe?"

"Fundi mwenyewe."

Mjumbe akageuza kikombe chake kichwa chini, akataja jina lingine. Majina manane yalitajwa siku ile na la kijana yule halikuwamo. Mjini mwetu, aliyeachwa na fundi alikuwa na ila, na hakuna aliyetaka kujua zaidi. Yeye fundi alikuwa amekaa mwisho wa baraza, anasikia neno lake likitumiwa, akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu aliniamini.

Watu walipotawanyika nilimwambia. Nilimwambia yote, pamoja na harusi tatu, mpaka ile ya kupita mlangoni pake jana. Nilipokwisha, akauliza jambo moja.

"Hiyo nusu ya kwanza ilikuwaje?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza na midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe. Nilipofika kwenye ile pasi ya kushoto akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Na hayo hukuyaandika," akasema.

Kesho yake asubuhi alishikwa mkono na bintiye, akazunguka kwa wenyeviti wote wanne, nyumba kwa nyumba, kuomba majina yafunguliwe upya. Aliwaambia kuwa kosa ni lake, kwamba macho yake yamekwisha na hakupaswa kutoa neno. Hakunitaja mimi. Nilikuwa nyuma yake katika nyumba zote nne, na katika zote nne nilimwachia aseme hivyo. Wenyeviti walimheshimu sana na wakakataa wote. Walisema wakifungua mara moja watarudi kule kwa zamani, ndugu wasisalimiane. Sikuwaona kuwa na makosa.

Tulipotoka nyumba ya nne fundi akasimama kwenye kichochoro.

"Mimi nimekwisha kufanya la kwangu," akaniambia. "Kwa yule kijana uende peke yako."

Nilimkuta anamsaidia ami yake na ile mashua ya juzi. Nikawaamkia, nikamwambia kijana mbele ya mzee wake kilichotokea na nani aliyekifanya. Mzee alinitukana, matusi ya haki. Kijana aliendelea kusokota pamba mpaka mzee akaishiwa.

"Nafasi imekwenda?" akaniuliza.

"Imekwenda."

"Hata ukisema sasa?"

"Fundi amekwisha kusema kwa wote wanne. Wamekataa."

Akatazama pamba aliyokuwa ameisokota mkononi. "Ningekuwa na kiburi ningekula lile chungwa," akasema, "mbele yenu, nisionekane nachoka." Nilitaka kumwomba radhi, nimeyabeba maneno kutoka Kuze, akanizuia kwa mkono. "Bado. Nikikwambia leo nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na wewe umekuja kuacha uongo."

Ami yake akaniamuru nishike ubao upande wa pili, kwani ulikuwa ukicheza. Nikaushika. Wao wakashindilia pamba, mimi nikabana, mpaka adhana ya alasiri, na katika muda wote ule hapakuwa na mazungumzo ila "sukuma" na "legeza". Kijana alifanya kazi kama alivyocheza. Kila pigo la nyundo lilikwenda mahali alipokuwa amekwisha kuamua.

Jumatatu alivuka. Winga tuliyemchukua alicheza vizuri misimu miwili, akaenda Unguja kwa biashara, na klabu haikupata hasara yoyote. Mwaka mmoja baada ya Ijumaa ile fundi aliniomba nivuke nikamwite sentahafu. Nilimkuta ameoa, babake amefariki, shamba liko mikononi mwake. Alinikaribisha, akanipa dafu, akasema hapana, sasa ana watu wa kulisha huku. Safari hii nilimwomba radhi na hakunizuia.

"Lile daftari unalo bado?" akauliza.

"Ninalo."

"Liandike sawa, basi."

Nilirudi nikaandika kurasa tatu, nikazipeleka kwa mwenyekiti wetu, nikaweka na jina langu chini, pamoja na idadi ya kweli ya mara nilizomtazama. Alizisoma mbele yangu, akanirudishia, akasema kuwa klabu itatafuta mkono mwingine. Nikampa daftari, na kalamu.